Maisha ya Ronald Ross, Daktari Aliyemfumania Mbu

Naandika kutoka hapa Tawa, chini ya vilima vya Mbooni. Nimejionea kwamba mtu anaweza kulala mzima na kuamka hawezi. Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili aliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi huwachagua wanasiasa na mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua daktari mmoja aitwaye Ronald Ross, na sababu yangu ni ndugu yangu mdogo.

Likizo ya Desemba iliyopita tulikuwa kwa susu, mamaye mama, kule juu mlimani. Mvua za vuli, zile ambazo sisi Wakamba tunazitegemea kuliko za masika, zilikuwa zimenyesha si mchezo. Jioni moja ndugu yangu, mtoto wa miaka saba, akaanza kutetemeka. Susu akampa uji wa moto, akamfunika blanketi mbili, akasema ni baridi ya mlima imemwingia. Asubuhi mtoto akaamka, akacheza. Jioni homa ikarudi. Mimi nikauliza kama si malaria. Susu akacheka. Akaniambia kwamba malaria ni ugonjwa wa watu wa chini, wa Makindu na Kibwezi, na wa wale wanaosafiri kwenda Mombasa au Kisumu. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtoto ameipata akiwa amelala nyumbani mlimani.

Siku ya tatu mtoto akaanza kuweweseka. Hapo ndipo tulipoita bodaboda, mama akampakata, wakateremka mbio hospitalini. Alipodungwa kidole na damu kupimwa, kumbe ni malaria. Mtoto mwenyewe hakuwa ametoka mlimani tangu shule zifungwe. Namshukuru Mungu alipona. Lakini susu alilia sana, akawa anauliza ugonjwa huo ulipandaje mlima. Swali hilo la susu ndilo lililonipeleka maktaba, na huko ndiko nilikokutana na Ronald Ross.

Ross alizaliwa tarehe 13 Mei mwaka wa 1857 mjini Almora, katika milima ya kaskazini mwa India. Babake alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza lililotawala huko. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipelekwa Uingereza kusoma. Nataka wenzangu wa kidato cha kwanza wajue kwamba kijana huyu hakuutaka udaktari hata kidogo. Alipenda mashairi, muziki, kuchora na hisabati. Ni babake aliyemsukuma, naye akasoma udaktari katika hospitali ya St Bartholomew mjini London shingo upande. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Mwaka wa 1881 aliajiriwa katika idara ya matibabu ya India, akarudi katika nchi aliyozaliwa.

Wakati huo malaria ilikuwa ikiua watu India bila idadi, na hakuna aliyejua inaenezwaje. Jina lenyewe la malaria linatokana na Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Watu waliamini kwamba mvuke unaotoka katika vinamasi ndio unaoleta homa. Ukiwaza utaona hawakuwa wajinga. Waliona kwamba penye maji yaliyotuama na joto jingi ndipo penye homa, na baada ya mvua homa huzidi. Walichokiona kilikuwa kweli, ila sababu ndiyo waliyoikosa. Mwaka wa 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria aliona vimelea vya malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Basi ikajulikana ni vimelea. Lakini vinatokaje katika damu ya huyu hadi ya yule?

Mwaka wa 1894 Ross akiwa likizoni London alikutana na daktari Patrick Manson. Manson alikuwa amefanya kazi China na kugundua kwamba mbu hubeba minyoo inayoleta ugonjwa wa matende. Alimwonyesha Ross vimelea vya malaria katika hadubini, akamweleza anavyoshuku kwamba mbu anahusika. Ross akarudi India mwaka wa 1895 akiwa na jambo moja tu kichwani.

Sasa hapa ndipo ninapompendea. Kwa muda wa miaka miwili Ross alipasua mbu mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa mbu wasiofaa! Alitumia aina za mbu ambazo hazibebi malaria ya binadamu. Tena Manson alikuwa amedhani kwamba mtu hupata malaria kwa kunywa maji ambamo mbu wamefia. Ross akajaribu, akawapa watu maji hayo wakanywa, wapi! Katikati ya kazi hiyo aliondolewa akapelekwa Bangalore kusafisha mji uliokuwa umevamiwa na kipindupindu, ugonjwa mwingine unaotembea na maji.

Kabla ya kufanikiwa, alipata nafasi ya kupumzika Ootacamund, mji wa milimani kusini mwa India wenye baridi kama ya kwetu Mbooni, au kuushinda. Waingereza walikimbilia huko kuepuka joto na homa. Chini ya mlima palikuwa na bonde liitwalo Sigur, na bonde hilo lilisifika kwa malaria. Ross akateremka bondeni kuchunguza. Baada ya siku chache yeye mwenyewe akalazwa chini na malaria, ingawa alikuwa akimeza kwinini kila siku. Huko bondeni alimwona mbu ambaye hakuwa amemzoea, mwenye madoadoa kwenye mabawa, akitua ameinua sehemu ya nyuma juu. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka susu. Juu baridi, chini homa. Maneno ya susu yalikuwa yale yale ya watu wa Ootacamund.

Baadaye Ross alirudi mji wa Secunderabad. Mwaka huo wa 1897, mwezi wa Agosti, joto lilikuwa la kuchosha. Hakuweza kutumia pangaboi, maana upepo ungepeperusha mbu wake. Jasho lilimtiririka hata skurubu za hadubini yake zikashika kutu. Wasaidizi wake wakamletea mbu wachache wenye madoadoa mabawani, waliokuzwa kutoka viluwiluwi. Mgonjwa mmoja wa malaria aitwaye Husein Khan akakubali kuumwa na mbu hao, akalipwa sarafu moja ndogo kwa kila mbu. Tarehe 20 Agosti, siku ya nne baada ya mbu hao kunywa damu, walikuwa wamebaki wachache. Ross akampasua mmoja. Katika ukuta wa tumbo lake akaona vijifuko vya mviringo vyenye chembe nyeusi, chembe zile zile za malaria. Kesho yake akampasua mwingine, akakuta vijifuko vile vile vimekua zaidi. Mbu alikuwa amefumaniwa. Hadi leo tarehe 20 Agosti huadhimishwa ulimwenguni kuwa Siku ya Mbu.

Ungedhani wakubwa wake wangempigia makofi. Badala yake walimhamishia mahali ambapo malaria ilikuwa adimu. Alinung'unika sana kwa barua, na Manson akamsaidia hadi akapelekwa Calcutta mwanzoni mwa 1898. Huko tauni ilikuwa imezuka na watu waliogopa sindano za madaktari, kwa hiyo hakupata wagonjwa wa kutosha. Hakukata tamaa. Akageukia ndege, kwa kuwa nao wana malaria yao. Pamoja na msaidizi wake Mohammed Bux, akafuata vimelea kutoka tumboni mwa mbu hadi kwenye tezi za mate, halafu akaonyesha kwamba shomoro mzima akiumwa na mbu huyo huugua. Kumbe mbu hutema mate mwilini kabla ya kunywa damu, na ugonjwa hupitia humo. Mwisho wa mwaka huo Mwitaliano Giovanni Battista Grassi na wenzake wakathibitisha kwa binadamu kwamba mbu mwenye hatia ni aina ya Anofelesi. Ross na Grassi waligombana juu ya nani wa kwanza, na ugomvi huo haukwisha vizuri. Ross hakuwa malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira na alilalamika mara kwa mara kwamba nchi yake haikumlipa alivyostahili. Hata hivyo mwaka wa 1902 alipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba, Mwingereza wa kwanza kuipata.

Labda unauliza, haya ya India yanatuhusu nini sisi wa Tawa? Ngoja nikuambie. Katika miaka hiyo hiyo reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilikuwa ikijengwa, na wengi wa wafanyakazi walitoka India. Mwisho wa mwaka wa 1896 mvua kubwa zilinyesha katika nyika ya Taru, na wafanyakazi wakalala hoi kwa malaria. Mwaka wa 1898, Ross akiwa Calcutta na ndege wake, reli ilikuwa imefika Makindu, nchi hii hii ya Wakamba. Watu waliugua, na wengi hawakujua kwa nini.

Mwalimu wetu wa biolojia alinisaidia kuelewa kazi ya joto katika jambo hili. Kimelea kikiingia tumboni mwa mbu hakiwi tayari papo hapo. Lazima kikue, kipasue ukuta wa tumbo, kisafiri hadi kwenye mate. Muda huo hutegemea hali ya hewa. Kwa malaria ile kali, penye joto la digrii 25 kimelea huchukua karibu siku 12. Penye digrii 20 huchukua karibu siku 28. Penye digrii 18 huchukua zaidi ya siku 50, na mbu wengi hawafikishi umri wa mwezi mmoja. Kwa hiyo katika baridi mbu hufa kabla kimelea hakijaiva! Hiyo ndiyo iliyokuwa ngao ya watu wa milimani. Haikuwa kwamba mbu hawawezi kuruka hadi huko. Lakini tazama, kutoka digrii 18 hadi 20 ni hatua mbili tu, na muda tayari umepungua karibu nusu. Wanasayansi wanatuambia kwamba dunia imepata joto la zaidi ya digrii 1 kuliko ilivyokuwa kabla ya 1900, kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari na ukataji wa misitu. Digrii moja ni kitu kidogo kwa mtu anayeota jua. Kwa kimelea ndani ya mbu wa mlimani ni kitu kikubwa.

Mwalimu alinionya nisikimbilie kusema kwamba kila malaria ya mlimani ni ya joto. Watu husafiri na kurudi na vimelea. Dawa nazo huchoka. Katika miaka ya tisini malaria ilipovamia nyanda za juu za magharibi ya Kenya, dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa, na wataalamu walibishana ni kiasi gani kilitokana na hewa na ni kiasi gani kilitokana na dawa. Lakini mvua haikuwa na ubishi. Mvua za El Niño za mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998 zilipofurika katika nchi kavu ya kaskazini mashariki, malaria iliwashambulia watu wa Wajir, na homa ya Bonde la Ufa, ambayo nayo hubebwa na mbu, ikaua mifugo na watu kule Garissa na sehemu jirani. Watu wa nchi kavu hawana kinga mwilini kama wale walioizoea malaria, kwa hiyo ikija huwapiga vibaya. Sisi wa Makueni na Kitui tumo katika fungu hilo. Kwetu malaria huja kwa msimu, na mtu anayekuja kwa msimu husahaulika.

Nirudi kwa Ross. Baada ya kuacha kazi India mwaka wa 1899 alikwenda kufundisha katika chuo kipya cha magonjwa ya nchi za joto mjini Liverpool. Mwaka huo huo alisafiri hadi Sierra Leone kuwatafuta Anofelesi wa Afrika, akawapata katika vidimbwi vya barabarani. Mwaka wa 1902 alialikwa Ismailia nchini Misri, mji wa watu wa mfereji wa Suez, na baada ya madimbwi kukaushwa na kumwagiwa mafuta malaria ilitoweka mjini humo. Mwishoni mwa 1907 akaja katika bahari yetu, kisiwani Mauritius. Kisiwa hicho hakikuijua malaria hadi miaka ya 1860. Ilipoingia kwa watu wasio na kinga, iliua makumi ya maelfu.

Ni huko ambako yale mapenzi yake ya hisabati yalipata kazi. Watu walikuwa wamekata tamaa, wakisema mbu hawawezi kuisha. Ross akapiga hesabu na kuonyesha kwamba si lazima mbu wote wafe. Mgonjwa mmoja akiwaambukiza wenzake zaidi ya mmoja, ugonjwa hukua. Mbu wakipungua hadi kila mgonjwa awaambukize watu wasiofika mmoja, ugonjwa huzimika wenyewe kama moto ulionyimwa kuni. Kitabu chake cha kuzuia malaria kilitoka mwaka wa 1910, na hesabu za aina hiyo ndizo zinazotumiwa hadi leo na wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza. Mauritius nayo iliishinda malaria mwaka wa 1973. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1975, kimbunga kikali kikapiga kisiwa, na malaria ikarudi. Iliwabidi waanze tena, na hadi mwisho wa miaka ya tisini ndipo walipoimaliza. Hapo utaona kwamba mvua na upepo vinaweza kubomoa katika siku moja kazi ya miaka mingi.

Ross alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1911. Mwaka wa 1926 taasisi yenye jina lake ilifunguliwa London. Mkewe Rosa alitangulia mwaka wa 1931, naye akafuata tarehe 16 Septemba mwaka wa 1932, akiwa na umri wa miaka 75.

Nilipomaliza kusoma habari zake nilifanya kama yeye. Jumamosi moja nilipanda kwa susu na chupa mbili. Kwenye pipa la maji jikoni nilikuta viluwiluwi wananing'inia vichwa chini. Nilifurahi nikadhani nimempata mchawi wetu. Mwalimu alipoona akaniambia hao ni Kuleksi, si Anofelesi. Nami nilikuwa nimekamata mbu asiyefaa! Viluwiluwi wa Anofelesi hulala bapa juu ya maji. Niliwapata mara ya pili, hatua kama hamsini kutoka dirisha alilolalia ndugu yangu, katika shimo ambalo mjomba alichimba udongo wa matofali. Maji ya mvua yalikuwa yametuama humo, safi, yakipigwa na jua. Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma ndugu yangu alitoka hapo. Lakini niliwaonyesha susu na mjomba ile chupa.

Mjomba hakufurahi. Matofali ndiyo karo yetu, alisema, na mimi mwenyewe nimesomeshwa na shimo hilo. Nilinyamaza, maana ni kweli. Ni susu aliyekata shauri. Alisema shimo likichimbwa lichimbiwe mtaro, na la zamani lifukiwe kabla ya mvua. Mjomba akafukia. Siku hizi susu analala ndani ya neti, yeye aliyekuwa akiiita nguo ya watu wa Mombasa.

Wenzangu, kazi haijaisha. Mwaka wa 2023 watafiti wa KEMRI walitangaza kwamba kule Marsabit amepatikana mbu mpya wa malaria, mgeni kutoka Asia alikofanyia kazi Ross. Huyu hapendi vidimbwi tu, hupenda matangi na mapipa ya maji mijini. Na ni nyumba gani hapa Ukambani isiyo na tangi? Hatuwezi kuacha kuweka maji, maana ukame nao unatujua kwa majina. Tunaweza kuyafunika. Tunaweza kufukia mashimo kabla ya Oktoba. Na mtoto akishikwa na homa baada ya mvua, hata awe wa mlimani, apimwe damu siku hiyo hiyo. Sisi tulingoja siku tatu, na siku hizo tatu karibu zitugharimu mtoto.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza, usipoziba shimo utachimba lingine refu zaidi. Kwa hayo machache naweka kalamu chini.